Gari Linapokula Mafuta: Historia ya Maneno ya Gereji na Peugeot Moja ya Kapkatet

Kericho hutajwa kwa chai. Wachache hukumbuka kwamba ndiko alikozaliwa Joginder Singh, mwaka 1932, dereva ambaye Wakenya walimpa jina la Simba wa Kenya. Singh alikulia katika ufundi wa magari kabla ya kujulikana kwa mbio. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally wakiendesha Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Lilikuwa gari lililokwisha tumika, likanunuliwa, likakaguliwa, likarekebishwa, kisha likayashinda magari yaliyotoka kiwandani yaking'aa. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer.

Vitabu vya mbio hutupa majina, miaka na aina za magari. Havituambii ni maneno gani yaliyosemwa boneti ilipofunguliwa. Je, mtu aliyenunua gari kuukuu alimwelezaje fundi maradhi yake? Na fundi alijibu kwa lugha ipi? Swali hili huenda likaonekana dogo, lakini mimi naliona kuwa swali la historia ya Kiswahili hasa. Gari liliingia nchini likiwa na vipande mamia, na kila kipande kilidai jina. Majina hayo hayakutungwa na kamati. Yalitungwa na watu waliolala chali chini ya chesi, mikono ikiwa imejaa grisi. Tena yakikosewa, gharama yake hulipwa kwa shilingi.

Tuanze mbali kidogo. Kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf ilichapishwa mwaka 1882, miaka minne kabla ya Karl Benz kupewa hataza ya gari lake la petroli huko Ujerumani. Kwa hiyo Kiswahili alichokirekodi Krapf hakikuwa na motokaa hata moja. Hata hivyo, baadhi ya maneno ambayo gari lingeyahitaji yalikuwa tayari mdomoni mwa watu, yakisubiri kazi mpya. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na nahodha ndiye aliyeushika. Gari lilipofika, duara lile lililo mbele ya dereva halikuhitaji jina jingine. Lilipewa usukani, na mpaka leo mtu anayeendesha gari kutoka Litein kwenda Sotik, umbali mkubwa kutoka maji ya chumvi, hushika usukani kama mwana wa Lamu.

Neno gari lenyewe tulilipata Uhindini, likimaanisha kitu chochote cha magurudumu kinachokokotwa. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, lile dubwana lililopumua likaitwa gari la moshi. Motokaa zilipokuja, gari likawa pana zaidi. Kutoka Kiswahili, neno lilipanda milima likaingia lugha za bara. Wakipsigis wa Kericho na Bomet husema karit. Ukisikiliza vizuri, utaisikia gari ndani yake ikiwa imevaa sauti za Kikalenjin.

Wareno nao waliacha alama. Bomba na parafujo ni maneno yao, yaliyobaki Pwani baada ya wenyewe kuondoka Ngome ya Yesu mwaka 1698. Kwa hiyo fundi anayefungua parafujo za bomba la maji ya injini anagusa karne nne za historia bila kutoka alipochuchumaa. Wahindi walituongezea debe. Zamani petroli na mafuta ya taa yaliuzwa ndani ya mikebe ya bati ya galoni 4, yaani lita 18 hivi. Mafuta yakaisha, mikebe ikabaki. Ikawa kipimo cha mahindi, ndoo ya maji, hata paa la nyumba. Mkulima anayeuza debe la mahindi leo hakumbuki kwamba kipimo chake kiliwahi kunuka petroli.

Kisha kikaja Kiingereza, na hapo maneno yakamiminika: injini, breki, gia, klachi, tairi, spana, plagi, dereva, gereji. Msomaji ayatazame maneno haya kwa makini, maana yanaonyesha njia yaliyopitia. Kuna yaliyoingia kwa jicho na yaliyoingia kwa sikio. Kabureta limekaa karibu na herufi za asili. Mtu aliyelitunga huenda alikuwa na kitabu mbele yake. Lakini rejeta ni neno la sikio tupu. Hakuna aliyesoma herufi za Kiingereza akapata rejeta. Ni neno lililosikiwa likitoka kinywani mwa mwajiri au mwenye gereji, likashikwa papo hapo, likarudiwa na kijana aliyetumwa kuleta maji. Kila unaposema rejeta unatamka ushahidi wa somo lililotolewa bila daftari.

Nyanda za chai zilikuwa shule kubwa ya maneno haya. Reli haikufika Kericho. Kituo chake kilikuwa Lumbwa, ambako sasa ni Kipkelion, na mizigo ya mashamba ilisafiri kwa barabara. Kampuni za chai zilipoanza kupanda kwa wingi katika miaka ya 1920, zilihitaji malori, matrekta na mashine za viwandani, na vyote hivyo vilihitaji watu wa kuvitengeneza. Baadaye wakulima wadogo nao wakaingia, hasa baada ya kuundwa kwa KTDA mwaka 1964. Majani mabichi hayangoji. Yakichelewa njiani yanaharibika. Kwa hiyo lori lililokwama kati ya kituo cha kununulia chai na kiwanda si tatizo la mwenye lori peke yake. Ni hasara ya kijiji kizima. Katika mazingira hayo, fundi anayejua kusema na kusikia maradhi ya gari ana heshima yake.

Magari yaliyopendwa huku yalikuwa yale yaliyostahimili. Peugeot, au Pijo kama tunavyoitamka, ilijijengea jina kwa vitendo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 njia ilikuwa mbaya kiasi kwamba ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Peugeot 504, iliyozinduliwa mwaka 1968, ilishinda mwaka 1975 na 1978. Baadaye 504 ziliunganishwa humu nchini, na zile ndefu zenye viti vya watu wengi zikawa gari za abiria wa masafa. Wazee wa Kericho bado husema, "Tulienda na Pijo," wakimaanisha usafiri, wala si kampuni.

Sasa nije kwenye gari moja. Jirani yangu wa Kapkatet, karani mstaafu wa kituo cha kununulia chai, aliitumia bonasi yake ya Oktoba kununua 504 ya petroli huko Mombasa. Muuzaji, mzee wa Pwani mwenye ulimi laini, alimwambia, "Gari zima hili, mzee mwenzangu. Ila lala mafuta kidogo."

Jirani alidhani ameambiwa kwamba gari limelala, yaani halijatembea siku nyingi. Aliyefuatana naye ndiye aliyemfafanulia kuwa kwa usemi wa Pwani lala hapo ni linakula. Kisarufi muuzaji hakukosea. Gari liko katika ngeli ya LI-YA. Ukitumia kiambishi cha wakati -a- badala ya -na-, li na a huungana kuwa la. Ukiongeza kitenzi la, unapata lala. Watu wa bara hatuitumii sana njia hiyo, ndiyo maana masikio yetu hulikimbilia lala la usingizini. Sisi huku tungesema, "Hii gari inakula mafuta," tukiiburura gari hadi ngeli ya I-ZI bila kuomba ruhusa kwa mwalimu. Ngeli peke yake hukuambia mnunuzi ni wa wapi na muuzaji ni wa wapi.

Walakini tatizo kubwa halikuwa lala. Lilikuwa mafuta.

Fundi wa kwanza pale Kapkatet aliposikia kuwa gari linakula mafuta, alitikisa kichwa na kutoa hukumu, "Hiyo ni ringi, mzee. Lazima tufungue injini yote." Ringi ni zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande hadi kwenye chumba cha moto. Zikilika, oili hupanda na kuungua. Kuzibadilisha ni ovaholi, na ovaholi ya injini kuukuu huweza kula bonasi yote ikabaki na njaa. Jirani alitoka pale amenyong'onyea.

Fundi wa pili, kijana aliyejifunza kazi chini ya mti kabla ya kwenda chuo cha ufundi, alianza kwa swali.

"Mafuta gani, mzee? Petroli ama oili?"

"Mafuta ni mafuta, kijana wangu."

"Hapana, mzee. Ukiniambia petroli, naenda juu kwa kabureta. Ukiniambia oili, naenda chini kwa pistoni."

Nilikuwapo, na nakiri sijawahi kusikia somo la semantiki lililo fupi na kamili kama hilo. Katika Kiswahili mafuta ni neno pana mno. Ni ya ufuta, ya nazi, ya nguruwe, ya taa, ya kujipaka, ya kupikia na ya kuendeshea gari. Kwa karne nyingi upana huo haukumdhuru mtu, kwa sababu jikoni na msalani muktadha ulitosha. Hakuna aliyeambiwa alete mafuta ya kupaka mtoto akaleta ya taa. Gari ndilo lililovunja amani hiyo. Ndani ya gari moja kuna mafuta yanayotakiwa yaungue, na mafuta ambayo yakiungua ni maradhi. Kitenzi kula nacho hakisaidii. Kula petroli ni ulafi, kula oili ni ugonjwa, lakini mdomoni vyote ni kula mafuta.

Kijana hakuishia kwenye swali. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaona kiwango hakijashuka tangu gari lilipofika. Akamwomba jirani akanyage petroli huku yeye akisimama nyuma. Moshi ulitoka mweusi. Hapa pia mafundi wana sarufi yao. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia kwenye silinda, aghalabu kwa sababu gasketi ya hedi imepasuka. Kisha akafungua plagi nne, akazipanga kwenye boneti kama mwalimu anayepanga madaftari, na kuniita. "Kuja usome, mwalimu."

Kusoma plagi ndiyo kauli wanayoitumia. Plagi iliyolowa oili hung'aa weusi wa unyevu. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya hudhurungi isiyokolea. Zetu zilikuwa nyeusi, kavu, zenye masizi kama sufuria ya kuni. Hukumu ya ringi ikafutwa. Ugonjwa ulikuwa juu, kwa kabureta.

Na kwa nini gari lile lile lilisifiwa Mombasa kuwa lala mafuta kidogo tu, likafika Kapkatet likawa linayanywa? Jawabu limo katika jiografia. Mombasa ni usawa wa bahari. Nyanda hizi za chai ziko karibu mita 2,000 juu yake, na hapo kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya Pwani. Injini hunyonya hewa kwa ujazo, si kwa uzito. Kila mkupuo wa pistoni huku juu huingiza hewa nyepesi kwa karibu moja ya tano. Kabureta la zamani halina akili ya kulitambua hilo. Huendelea kumimina petroli karibu vile vile lilivyozoea, na mchanganyiko unakuwa mzito. Ongeza hapo chujio la hewa lililoziba vumbi, na moshi mweusi hauna budi. Kijana alisafisha kabureta, akashusha kiwango cha floti, akaweka jeti ndogo zaidi na kubadilisha chujio. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya ovaholi. Madereva wa Safari Rally, ambao mashindano yao yaliwapandisha na kuwashusha kati ya Pwani na nyanda za juu, walilijua jambo hili miaka mingi kabla yetu.

Tatizo la pili lilikuwa la geji. Neno hili limekosa makao. Wengine husema geji, wengine mita, wengine kipimo, na shuleni tumeambiwa kipimajoto, ambacho kwa mtu wa kawaida ni kile kinachotiwa kwapani hospitalini. Kinachotajwa kwa urahisi ni mshale wake. Mshale umepanda, mshale umelala, mshale unacheza. Ni tamathali nzuri, nayo tumeirithi kwenye saa ya ukutani.

Jirani alilalamika kwamba gari linachemsha hali mshale haujafika kwenye nyekundu. Alishuku kuwa geji inadanganya. Geji haikudanganya. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, lakini kwa kimo cha mita 2,000 huchemka karibu na nyuzi 93. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya gari ni kofia ya rejeta, ambayo mpira na springi yake huyafungia maji chini ya shinikizo. Mpira wa kofia ile ulikuwa umekauka na kupasuka. Shinikizo likatoroka, na maji yakaanza kutokota mapema, mshale ukiwa bado mahali ambapo Pwani pangekuwa pa amani. Geji ilikuwa ikisema ukweli wa Mombasa ndani ya gari lililohamia Kapkatet.

Kofia mpya ilisaidia, ila gari likaendelea kupata joto kwenye mlima, lilipopanda polepole nyuma ya lori la majani. Likishuka au likienda kasi, mshale ulirudi. Hilo nalo ni neno ukijua kulisikia. Gari likienda kasi, upepo wa safari hupoza rejeta. Likienda polepole, kazi hiyo ni ya feni. Ni nadra kwa gari la kizazi chake, lakini feni ya Peugeot hii haizunguki muda wote. Hushikwa na sumaku ya umeme pale joto linapopanda, na huachwa huru linaposhuka, ili isiinyang'anye injini nguvu bure. Umeme wa sumaku hiyo hupitia kwenye kipande kidogo cha kaboni kinachosugua, nacho hulika kwa miaka. Kilikuwa kimekwisha. Fundi wa kwanza angeambiwa gari linachemsha, huenda angehukumu gasketi. Wa pili aliuliza tena, "Linachemsha likiwa wapi, mzee? Mlimani ama tambarare? Polepole ama mbio?"

La tatu lilichekesha. Kila taa za mbele zilipowashwa, mshale wa petroli na ule wa joto ilipanda pamoja, kana kwamba taa zinajaza tangi. Tangi na rejeta havina ujamaa. Vipimo viwili visivyohusiana vikisema uongo mmoja kwa wakati mmoja, tafuta kinachovishirikisha. Kijana alipapasa nyuma ya dashibodi, akatangaza, "Athi ya hii gari ni mbaya."

Athi ni neno la Kiingereza lenye maana ya ardhi, waya unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari. Jirani, mwenye ekari zake mbili za chai, aliuliza kwa mshtuko ni nani aliyesema kuwa ardhi yake ni mbaya. Tulicheka, lakini kwangu ilikuwa kumbukumbu nyingine. Kiswahili kina ardhi, neno la Kiarabu la miaka mingi. Kiingereza kikaleta athi kupitia gereji. Maneno mawili yanayofanana kwa sauti na maana, kila moja likiwa limekuja kwa chombo chake, yamekutana nyuma ya dashibodi ya gari la Kifaransa huko Kapkatet. Waya ulikwanguliwa kutu, ukakazwa, na mishale ikaacha kucheza.

Kuna geji moja ambayo haina dawa, nayo ni ile ya kuhesabu kilomita. Magari mengi ya zamani yana tarakimu tano tu. Ikifika 99,999 hurudi sifuri. Mnunuzi anayesoma 41,000 hajui kama ni 41,000, 141,000 au 341,000. Magari ya Kiingereza ya kabla ya hapo yana fumbo la ziada, kwa kuwa huhesabu maili, huonyesha joto kwa Farenhaiti, na shinikizo la oili kwa ratili juu ya kila inchi ya mraba. Mshale ukiwa kwenye 60 katika gari kama hilo, unakwenda karibu kilomita 97 kwa saa. Maili, galoni na ratili zimetoka katika masomo ya watoto wetu, lakini bado zinaishi kwenye dashibodi kuukuu, kama misamiati ya kale inavyoishi katika tenzi. Asiyejua kuzisoma ataingia matatani.

Nimeeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kina hoja mbili kuhusu lugha yetu.

Ya kwanza ni kwamba Kiswahili cha gereji si Kiswahili kibovu. Wasomi wenzangu wamezoea kukikunjia pua: kimejaa Kiingereza, ngeli zimevurugika, sentensi hazijakaa sawa. "Hii gari inamisi," husema fundi, na mwalimu wa lugha huona makosa mawili kabla ya kuona injini. Lakini kitenzi kumisi, kwa maana ya silinda moja kukosa kuwaka kwa zamu yake, kinasema kwa silabi tatu jambo ambalo Kiswahili sanifu kingelihitajia sentensi nzima. Gari kushika, kukohoa, kunoki, kuchemsha: kila kitenzi kati ya hivi kinataja dalili tofauti, na fundi hodari hachanganyi hata kimoja. Huo ni usahihi. Usahihi ndio sifa ya kwanza ya lugha ya taaluma, na usanifu wa ngeli huja baadaye.

Ya pili ni kwamba usahihi huo umegawanyika visivyo sawa. Uko kwa fundi, hauko kwa mwenye gari. Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Lakini mkulima akinunua gari kuukuu, mwongozo wake ni wa Kifaransa au Kiingereza, vitabu vingi vya ufundi ni vya Kiingereza, na Kiswahili anachokijua kinampa neno moja, mafuta, kwa vitu viwili ambavyo tofauti yao ni bonasi ya mwaka mzima. Wanaisimu tumetunga istilahi nyingi. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na ni kazi ya kuheshimiwa. Ila istilahi zetu nyingi zimekaa rafuni na maneno ya gereji yamekaa chini ya gari, na hatujapanga vikutane.

Pendekezo langu si kubwa. Tusianze kwa kutunga. Tuanze kwa kusikiliza. Mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu chochote cha eneo hili anaweza kukaa mwezi mmoja kwenye gereji ya Kapkatet, Litein au Sotik, akaandika kila neno, nani analisema, kwa maana gani, na linatofautianaje na la jirani yake. Pale ambapo mafundi wamekwisha kupata neno, kama rejeta, tulikubali na tuliingize kwenye kamusi kwa sauti yake. Pale ambapo neno moja limebebeshwa mizigo miwili, kama mafuta, tusisitize utengano ambao mafundi wenyewe wanao: petroli au dizeli kwa kinachochomwa, oili kwa kinacholainisha. Kwa vipimo, nashauri geji ibaki geji na mshale wake ubaki mshale. Kipimajoto tukiachie hospitali.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Muuzaji wa Mombasa hakuficha maradhi. Aliyataja mchana kweupe, kwa Kiswahili fasaha kuliko chetu. Yalijificha yenyewe ndani ya neno, yakasafiri kwa barabara hadi nyanda za chai, na nusura injini nzima ifunguliwe kwa ajili yake. Ndiyo maana nasema swali la kijana yule lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila gereji, na pengine juu ya mlango wa kila idara ya Kiswahili: mafuta gani?